Kiyoyozi kisipopooza, si lazima gesi imekwisha

Joto la Dar es Salaam likipanda na kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, jibu huwa moja: "Gesi imekwisha, jaza." Lakini gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kumwaga pesa.

Mara nyingi mkosaji ni kapasita, kile kikopo kilichomo ndani ya mashine ya nje, kinachoisaidia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kuanza kuzunguka. Sogea nje usikilize. Feni inazunguka, lakini kompresa inanguruma sekunde chache, inanyamaza, kisha inajaribu tena? Anza kushuku kapasita. Inaweza pia kuwa kompresa yenyewe, ndiyo maana tunapima. Kikopo kilichovimba juu kimekufa. Ila, na hapa hata mafundi huteleza, kapasita inaweza kuonekana nzima kabisa kumbe imechoka. Ubavuni pameandikwa, tuseme, 35 µF ±5%, yaani maikrofaradi 35 (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji), ikizidi au kupungua kwa asilimia 5. Basi mita isome kati ya maikrofaradi 33.25 na 36.75. Ikisoma 24, ibadilishe, kwa thamani ileile na volti zisizopungua zile za awali.

Nakusihi jambo moja: kuzima kwa rimoti hakutoshi. Zima swichi kubwa, na fundi aondoe kwanza chaji iliyobaki ndani ya kapasita. Inaweza kukupiga shoti hata umeme ukiwa umekatwa.