Kwa nini Kakamega kuna dhahabu lakini makaa ya mawe hakuna

Hili swali naulizwa sana na watu wa Kakamega na Vihiga. Mtu anachimba kisima, anakuta jiwe jeusi, ananitumia picha: "Mwalimu, haya si makaa ya mawe?"

Ndugu zangu, kwanza angalieni umri wa mwamba. Miamba ya Kakamega mpaka Migori ina karibu miaka bilioni 2.7, na makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa, sasa wakati huo nchi kavu haikuwa na mti wala nyasi, mimea ilianza kuota nchi kavu kama miaka milioni 470 iliyopita tu. Huko kwetu ni volkano na matope ya bahari ya kale, maji moto yakapita kwa nyufa yakaacha dhahabu, ile iliyoleta wazungu mbio miaka ya 1930. Nakuru nayo miamba ni michanga mno kwa umri, na lile jiwe jeusi linalong'aa la mlima Eburru wa huko ni obsidiani, lava iliyopoa haraka.

Mkitaka kuona mahali mambo yalikubaliana makaa ya mawe yakatokea, ni Witbank, kule Mpumalanga, Afrika Kusini. Kama miaka milioni 280 iliyopita barafu kubwa iliyeyuka pale, pakabaki mito na vinamasi vipana vilivyojaa miti ya Glosopterisi. Majani yakianguka kwa maji yasiyo na oksijeni hayaozi yakaisha, yanarundikana, ardhi inazama polepole, mchanga unafunika, uzito na joto vinatoa maji na gesi, kaboni inabaki. Na huko kuzama polepole ndio kila kitu, manake ikizama haraka kinamasi kinageuka ziwa, isipozama mimea inaoza juu juu.

Witbank ilipata tabaka tano, zimelala karibu sawa na mara nyingi hazifiki mita 100 chini, ndio maana Mpumalanga inatoa zaidi ya asilimia 80 ya makaa yote ya nchi hiyo. Mengine yanachomwa hapo hapo kwa stesheni za umeme kama Kendal na Matla, mengine yanapanda treni hadi bandari ya Richards Bay.

Lakini inaniuma vile migodi ya zamani iliachwa. Walichimba vyumba wakibakisha nguzo za makaa zishike paa, hewa ikaingia, baadhi zikashika moto zenyewe na ardhi juu ikatitia. Halafu ndani ya makaa kuna pairaiti, yaani chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji inatoa asidi, na asidi hiyo inaingia mto Olifants ambao wakulima huko chini wanautegemea kumwagilia mashamba.