Je, wajua kwa nini daraja la ghalani huchaguliwa kwa urefu kwanza?

Daraja la ghalani ni lile bamba la chuma linaloziba pengo kati ya sakafu ya ghala na sakafu ya lori. Wengi hulinunua kwa hesabu moja: paleti zetu ni tani 2, basi daraja la tani 2 linatosha. Halitoshi hata kidogo. Foklifti inayonyanyua tani 2.5 yenyewe ina uzito unaokaribia tani 4, kwa sababu nyuma imebebeshwa chuma kizito ili isipinduke. Weka paleti, sasa ni karibu tani 6. Tena ikibeba mzigo kamili, sehemu kubwa ya uzito wote huhamia kwenye magurudumu mawili ya mbele, na hayo hukanyaga ulimi wa daraja, ile ncha ya mbele inayolala juu ya sakafu ya lori, kwa kishindo. Kishindo hicho kikirudiwa kutwa nzima, nyufa huanzia kwenye maungio yaliyochomelewa na pini za bawaba hulika. Kwa ghala la namna hii anzia tani 6. Kazi ikiwa ya zamu mbili, panda zaidi.

Lakini hata la tani 10 halifai likiwa fupi.

Tazama ubao wa kushukia jahazini. Maji yakijaa, chombo huinuka na ubao hulala; yakipwa, ubao husimama na hamali mwenye gunia huteleza. Maji hayazuiliki, ila ubao ukiwa mrefu, kina kilekile huwa mteremko wa kupitika. Trela nayo ina kujaa na kupwa kwake: foklifti ikiingia, springi hubonyea, mzigo ukipungua, sakafu hupanda. Ndiyo maana bamba halifungwi kwenye lori. Nyuma limeshikwa na bawaba, mbele ulimi umelala tu, likifuata lori juu na chini.

Sasa piga hesabu. Gati, yaani sakafu ya ghala pale lori linapoegeshwa, lina kimo cha mita 1.2, sakafu ya kontena juu ya trela mita 1.45: tofauti ni sentimita 25. Daraja la mita 2 hutoa mteremko wa asilimia 12.5, ambao ndio kikomo cha kiwango cha Ulaya, EN 1398. La mita 2.5 hutoa asilimia 10, la mita 3 asilimia 8.3. Troli za paleti, zilizo chini sana tumboni, hukwama kileleni mapema kuliko foklifti. Kinachoamua mteremko unaofaa ni kitabu cha mashine yenyewe.

Pima malori yako yote, yakiwa matupu na yakiwa yamejaa, ukianza na lililo juu kabisa na lililo chini kabisa. Ulimi ulale angalau sentimita 10 ndani ya lori, na magurudumu yawekwe kabari, maana kila foklifti ikifunga breki ndani, trela husogea mbele kidogo. Vipimo hivi vitangulie zege: daraja hukaa ndani ya shimo la sakafuni, na shimo la mita 2 halipokei daraja la mita 3 bila kuvunja sakafu.