Je, wajua kwa nini madirisha ya Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, yamechongoka?

Ukisafiri kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, unamwacha Mtakatifu Yosefu bandarini na unamkuta tena Mji Mkongwe. Makanisa makuu mawili ya Kikatoliki, jina moja, na yote yalianza kujengwa miaka ya 1890. Ila tazama vichwa vya madirisha. Ya Dar yamechongoka kama ncha ya mkuki. Ya lile la Unguja, ambalo wenyeji hulijua kwa jina la Minara Miwili, ni ya mviringo.

Ncha ile ilizaliwa na tatizo la uzito. Simamisha karata mbili ziegemeane: zikiwa wima zinatulia, ukizilaza kidogo zinateleza na kuanguka. Tao la mawe lina tabia hiyohiyo. Tao la mviringo husukuma kuta kwa nje, ndiyo maana mafundi wa kale walijenga kuta nene zenye madirisha madogo, na ndani kukawa giza. Tao lililochongoka hupeleka mzigo mkubwa zaidi chini, kwenye nguzo. Msukumo uliobaki hupokewa na viegemeo vya mawe vilivyojengwa nje. Ukuta ukishapumzishwa hivyo, waweza kuutoboa na kuujaza vioo.

Aliyeipa mbinu hiyo nafasi kubwa ni Suger, abate (mkuu wa watawa) wa kanisa la monasteri ya Saint-Denis, karibu na Paris. Sehemu ya altare aliyoijenga upya ilitabarukiwa mwaka 1144. Suger aliamini kwamba nuru huinua akili ya mtu kuelekea kwa Mungu, na mimi kila nikifikiria vioo vya rangi vilivyo nyuma ya altare pale Dar, naona alikuwa na hoja nzito. Waliomfuata walishindana kwenda juu. Huko Beauvais, Ufaransa, walipandisha dari la mawe hadi mita 48 hivi, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.

Sasa, Dar iliupataje mtindo huo baada ya miaka zaidi ya 700? Kanisa lilijengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Kwao, kanisa kuu la Köln, lililoanzwa mwaka 1248 na kukwama kwa karne kadhaa, lilikuwa limekamilika mwaka 1880 tu, na mtindo wa kuchongoka ulikuwa umerudi kwa kishindo Ulaya nzima. Kufikia wakati huo chuma kilikwisha kuwarahisishia mafundi kazi, kwa hiyo ncha haikuwa tena ya lazima. Waliichagua kwa sababu machoni pao ndivyo kanisa lilivyopaswa kuonekana. Kule Unguja, mchoraji wa ramani alikuwa Mfaransa, naye akaurudia mtindo wa zamani zaidi, ule wa matao ya mviringo, uliotangulia kazi ya Suger.