Chembe nano katika mafuta ya transfoma: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Transfoma iliyotundikwa juu ya nguzo mbili pale Mwanga au Ujiji haina feni wala pampu. Mafuta ya madini yaliyomo ndani yake huhami koili zenye msongo wa kilovolti 11 au 33, na papo hapo huchukua joto: yakipata moto hupanda, hupoa yakishuka kwenye mapezi ya pembeni, kisha hurudi chini ya koili. Kwa kuwa uwezo wake wa kupitisha joto ni takriban moja ya tano tu ya ule wa maji, watafiti huyachanganya na chembe nano, yaani punje ndogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Wapo mafundi wanaoamini kwamba kutia unga wa namna hiyo ni kukaribisha shoti. Ukweli ni kwamba alumina (oksidi ya alumini) na silika (oksidi ya silikoni) ni vihami vyenyewe, na hata magnetaiti, oksidi ya chuma ambayo hupitisha umeme, imeonekana maabara tangu miaka ya 1990 kuyaongezea mafuta uwezo wa kustahimili msongo ikitiwa kidogo, kwa sababu chembe hunasa elektroni zinazokimbia na kuichelewesha cheche. Hata hivyo hofu yao si ya bure, kwani kiasi kikizidi chembe hushikamana na kinga hupungua.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba unga ukizidi, upoozaji nao huzidi. Kwa kanuni ya mwanafizikia Maxwell ya karne ya 19, chembe zikiwa asilimia 1 ya ujazo huongeza upitishaji wa joto kwa takriban asilimia 3 tu. Ripoti za awali zilidai makubwa zaidi, lakini jaribio la pamoja la taasisi zaidi ya 30, lililochapishwa mwaka 2009 kuhusu vimiminika mbalimbali vyenye chembe nano, lilikuta vipimo vikiafikiana na nadharia iliyotokana na kanuni hiyo kongwe. Mnato nao hupanda, na katika transfoma isiyo na pampu mafuta mazito huzunguka polepole, hivyo faida yote inaweza kupotea.

Si kweli pia kwamba mafuta yenye chembe yakishamiminwa kazi imekwisha. Chembe zisizofunikwa hushikamana na kutuama chini ya tangi. Ndiyo maana huvikwa utando, mara nyingi wa asidi ya oleiki, ambayo imo kwa wingi hata katika mawese yetu ya Kigoma. Hilo lisimfanye mtu afikiri kwamba mawese yenyewe yanafaa kumiminwa ndani: huganda kwa urahisi, na hubeba maji na asidi zinazoharibu karatasi ya kuhami iliyozungushiwa koili.

Karatasi hiyo ndiyo hupima umri wa transfoma. Katika joto la kazi la kawaida, kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazoongezeka kwenye sehemu yenye moto zaidi huzeesha karatasi kwa kasi maradufu, kwa hiyo hata nafuu ndogo ya upoozaji ina thamani. Lakini hakuna chembe itakayoikinga transfoma dhidi ya radi, mzigo uliopita kiasi, mafuta yaliyovuja au yaliyoibwa. Kwenye transfoma zenye kipumulio, yaani kichupa ambamo hewa inayoingia hukaushwa na punje za silika jeli, jeli ya buluu iliyogeuka waridi inaonyesha kwamba imeshiba unyevu, na kazi ya kwanza hapo ni kuibadilisha na kuyapima mafuta.