Je, wajua kwa nini nta ya taa ya lava hupanda na kushuka?

Taa ya lava ni taa ya pambo ambamo madonge laini ya nta hupanda na kushuka polepole ndani ya chupa ya kioo. Kwa miaka mingi niliamini kuwa ni chupa ya maji ya rangi yenye kipande cha mshumaa ndani. Balbu iliyo chini inayeyusha mshumaa, mshumaa ukipata moto unapanda, ukifika juu unapoa, unashuka, basi. Maelezo hayo yana ukweli wa kutosha kumpotosha mtu, na mimi yalinipotosha mpaka siku nilipojaribu kujitengenezea yangu.

Nilichukua chupa ya jemu, nikatia maji yenye rangi ya chakula, nikakwangua mshumaa mwekundu na kuumimina humo, kisha nikaisimamisha chupa, mdomo wazi, ndani ya sufuria ya maji ya moto. Mshumaa ulikuwa juu. Ulipokuwa mgumu ulielea juu, ulipoyeyuka ukaendelea kuelea, na nilipoacha chupa ipoe uliganda palepale kama utando wa maziwa. Hakukuwa na kupanda wala kushuka. Nilichopata ni mfuniko wa nta.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa hata swali langu lilikuwa limepinduka. Nilikuwa najiuliza nini kinaipandisha nta, kumbe nta ya mshumaa hupanda yenyewe, iwe ya moto au ya baridi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya nta ya mshumaa ina kama gramu 900 tu, kwa hiyo lazima ielee. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini nta ya taa ya lava hukaa chini.

Kabla sijafika huko, niwatendee haki wanaokisia mengine. Wapo wanaosema chini ya taa kuna pampu ndogo, na wapo wanaosema kilicho ndani kinachemka. Kwa taa ya lava wote wamekosea, ila kila mmoja amebahatisha taa nyingine. Miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani walitundika sebuleni taa za mvua, zenye sanamu katikati na nyuzi za nailoni pembeni ambazo matone ya mafuta yaliteremka juu yake kama manyunyu. Mle kuna pampu kweli, tena inasikika. Na kuna taa ndogo za mti wa Krismasi zenye mirija ya kioo inayotoa mapovu, ambazo kampuni ya NOMA ilianza kuziuza Marekani mwaka 1946 kutokana na uvumbuzi wa Carl Otis. Ndani ya mirija hiyo hutiwa dikloromethani, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto kama 40 tu za Selsiasi, kwa hiyo balbu ndogo ya mti wa Krismasi inatosha kukichemsha. Kwenye taa ya lava hakuna pampu, na hakuna kinachochemka. Ukiona inachemka, izime.

Turudi kwenye nta iliyokaa chini. Mabaharia wa majahazi wana neno ambalo sijapata bora kuliko hilo: farumi. Jahazi tupu ni jepesi mno, linayumba, basi hupakiwa mawe au mchanga tumboni ili likae vizuri majini. Nta ya taa ya lava nayo imetiwa farumi, ila ya kimiminika. Hataza ya Marekani ya taa hii, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, iliyotolewa mwaka 1968, inataja mafuta ya madini, nta ya parafini, rangi na kaboni tetrakloridi. Hiyo ya mwisho ndiyo farumi: lita yake ina uzito wa kama kilo 1.6, inachanganyika na nta bila shida, haichanganyiki na maji, na haishiki moto. Ilionekana kemikali ya ajabu, mpaka ikafahamika kuwa inaharibu ini. Mwaka 1970 Marekani ilipiga marufuku bidhaa za nyumbani zenye kemikali hiyo, na watengenezaji wakahamia farumi nyingine. Mchanganyiko wa leo ni siri ya kila kiwanda, kwa hiyo anayekuuzia “resipe ya asili” mtandaoni muulize ameipata wapi.

Ufundi wenyewe umo kwenye kipimo. Ukizidisha farumi, nta inalala chini milele. Ukipunguza, unapata chupa yangu ya jemu. Inatakiwa nta ya baridi iwe nzito kidogo tu kuliko maji yanayoizunguka, na nta ya moto iwe nyepesi kidogo tu. Maji yenyewe hayasimami yakisubiri: yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, lita moja inapungua kutoka gramu 998 hadi 983 hivi. Nta inapungua zaidi ya hapo, hasa pale inapoyeyuka. Ni mbio za wawili wanaopungua uzito, na mmoja anapungua haraka kuliko mwenzake.

Kama kusema “inapungua uzito” kunakukera, una haki. Donge la nta halipotezi hata chembe. Tazama kaimati. Unadondosha donge la unga kwenye mafuta ya moto, linazama. Ndani yake hewa na mvuke vinatanuka, donge linavimba, na baada ya muda linaibuka lenyewe na kuanza kujigeuza. Unga ni uleule, ila sasa umechukua nafasi kubwa zaidi ndani ya mafuta, na mafuta yanausukuma juu. Nta hufanya vivyo hivyo bila hewa: chembechembe zake zikipata joto zinaachana zaidi, donge linatanuka, maji yanalisukuma juu. Mfano wa kaimati unaishia hapo, kwa sababu kaimati ikiiva inashika umbo lake na haishuki tena. Nta haina gamba. Ikifika shingoni mwa chupa, ambako kioo kinatoa joto lake kwa hewa ya chumbani, inanywea, inarudi kuwa nzito kuliko maji na kuanza kuteremka.

Kuna jambo moja lilinisumbua hata baada ya kuyaelewa haya. Kwa nini donge halisimami katikati, mahali ambapo uzito wake na wa maji umelingana kabisa? Jibu ni kwamba donge linachelewa. Nta haipitishi joto upesi. Donge linapopita katikati likielekea juu, tumbo lake bado lina moto wa chini. Likipita hapohapo likirudi, tumbo lake bado lina ubaridi wa juu. Kila mara linafika na hali ya lilikotoka, kwa hiyo kila mara linapitiliza. Kama nta ingepoa papo hapo, tungekuwa na mpira uliosimama katikati ya chupa na hakuna ambaye angetoa pesa yake kuununua.

Sasa chungulia chini kabisa, ndani ya nta: kuna springi ya waya iliyokunjwa duara. Mara ya kwanza nilidhani ni sehemu iliyovunjika. Kazi yake utaielewa ukitazama mchuzi wa kuku uliotulia. Matone ya mafuta juu yake yanagusana, yanabanana, lakini kila moja linabaki duara lake. Pitisha ncha ya kijiko katikati yao na mara mawili yanakuwa moja. Uso wa kimiminika una mvutano unaofanya kazi kama ngozi nyembamba, na madonge ya nta yanayorudi chini yanaweza kurundikana kama mayai kwenye kikapu, yasiungane. Ile springi, ikiwa ya moto kutoka kwenye balbu, ndiyo ncha ya kijiko.

Historia yake ni fupi. Edward Craven Walker, Mwingereza aliyekuwa rubani wa kivita katika Vita Kuu ya Pili, aliona kwenye baa moja kusini mwa Uingereza kifaa cha kupimia muda wa kuchemsha yai, chupa yenye vimiminika viwili iliyowekwa jikoni. Kisa hicho kimesimuliwa kwa namna nyingi, kwa hiyo kichukue kama kisa cha baa. Kilicho wazi ni kwamba mtu mwingine, Donald Dunnet, alikuwa tayari ameombea hataza ya wazo hilo, na kwamba mwaka 1963 kampuni ya Walker, Crestworth, ilianza kuuza taa iitwayo Astro kutoka mji wa Poole. Mwaka 1965 wafanyabiashara wawili Wamarekani waliiona kwenye maonyesho ya Hamburg, wakanunua haki ya kuitengeneza kwao, na huko Chicago ikaitwa Lava Lite. Crestworth ilikaribia kufa mitindo ilipobadilika, ikafufuliwa mwaka 1989, na tangu 1992 inaitwa Mathmos. Bado iko Poole.

Wanaokusanya taa za zamani hutafuta Astro za Crestworth na ile ya Marekani iitwayo Century, yenye kitako cha rangi ya dhahabu kilichotobolewa vitundu vidogo ili mwanga utoke kama nyota, na chupa ya kama lita moja na nusu. Kitako mtu anaweza kuking'arisha. Chupa ndiyo inayoamua bei, na karibu kila ugonjwa wake ni ule usawa wa nta na maji uliovurugika. Maji yakiwa na ukungu kama ya kuoshea mchele, aghalabu mtu aliitikisa au aliihamisha ikiwa ya moto, nta ikapasuka vitone vidogo mno visivyoweza kuungana tena. Rangi ikiwa imefifia, ilikaa dirishani ikipigwa na jua. Kiwango cha maji kikiwa kimeshuka sana, kifuniko kinavuja, na usifikirie kuifungua uongeze ya bomba: maji yale yamepimwa pamoja na nta yake, na ndani ya chupa ya zamani kuna kemikali ambayo hutaki ikufike puani. Wala usiipashe jikoni ili iwahi. Mwaka 2004 kijana mmoja katika jimbo la Washington, Marekani, aliweka taa yake juu ya jiko. Ililipuka na kipande cha kioo kikamuua.

Huku kwetu kuna mawili ya kuongeza. La kwanza ni umeme. Taa ya Uingereza inakuja na plagi yetu ya pini tatu bapa na volti zetu, lakini ya Marekani ni ya volti 120. Balbu yake ya wati 40 ukiichomeka kwenye 240 inapokea nguvu karibu mara nne, inamulika kama radi na kukata. Na usije ukaweka balbu ya LED ukidhani unaokoa umeme. Itawaka vizuri, nta italala usiku kucha, kwa sababu taa hii inahitaji joto na mwanga ni pambo tu. Zile globu za zamani zinazounguza vidole ndizo zenyewe.

La pili ni hali ya hewa. Nilinunua Astro yangu kwenye duka la vitu vilivyotumika kutoka Uingereza, hapa Dar es Salaam, mwezi wa Julai. Jioni ile niliiwasha, nikasubiri muda wa karibu saa tatu, nta ikatoa kwanza minara kama ya kichuguu, kisha ikapasuka na kuanza safari zake. Nikawaita watu waone. Ikaja Februari. Sebule ilikuwa na nyuzi 32 usiku, shingo ya chupa haikuwa na mahali pa kupeleka joto lake, na nta yote ikapanda, ikajikusanya juu na kukataa kushuka. Nilikaa mbele yake nikitazama mfuniko wa nta, uleule wa chupa ya jemu, safari hii wa bei ghali. Nikazima, nikaacha ipoe hadi asubuhi, nikatoa balbu ya wati 40 na kuweka ya 25. Usiku uliofuata, kwenye saa nne hivi, donge moja lilining'inia, likajivuta kama asali, likakatika na kuanza kushuka.