Pilipili Manga ya Amani na Mizani Yenye Stika: Wakulima Zingatieni Haya

Kila pilipili manga inapoanza kuvunwa Muheza, Tanga, malalamiko yanayofika ofisini kwetu kwenye vipimo yanafanana: mkulima anasema mnunuzi kamwibia kilo, mnunuzi anasema kauziwa maji. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Katika ziara ya elimu tarafani Amani nilimkuta bibi mmoja amepiga magoti mbele ya jamvi la pilipili. Alichota punje mbili tatu, akaziuma. Iliyopasuka kwa mlio ilimtosha. Fungu lililobonyea menoni alilitandaza tena juani. Huchuma shada likishaanza kuonyesha punje moja au mbili nyekundu, hulichovya kwenye maji ya moto kama dakika moja ili weusi ushike sawasawa, ndipo huanika. Ujuzi huo ndio mtaji wa biashara, na hakuna benki inayoukopesha. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, kwa hiyo anayeuza mbichi kwa kuhofia wezi wa shambani anamwachia mnunuzi kazi hiyo pamoja na faida yake.

Sasa vipimo. Debe na kisado ni vyombo vya kubebea, si vipimo vya biashara. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani iliyohakikiwa, ndiyo ile yenye stika, na uhakiki hurudiwa kila mwaka. Mizani ya jikoni haikubaliki hata kama ni mpya. Gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ni kosa kwa anayefunga na kwa anayenunua. Anayekiri kosa hutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20. Akikana, akafikishwa mahakamani na kutiwa hatiani, faini ni kuanzia shilingi 300,000 hadi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja. Naeleza kwa urefu kwa sababu wengi huanza kuuliza haya mizani ikishakamatwa.

Kuna kauli nimechoka kuisikia: "Hii ni ya asili, haihitaji kupimwa." Ukungu nao ni wa asili. Pilipili iliyofungwa na unyevu huota ukungu ndani ya pakiti, na mteja wa Dar es Salaam hajui kama bibi aliiuma au hakuiuma. Anachokiona ni lebo. Kwa hiyo pakiti iandikwe jina la bidhaa, uzito halisi bila kifungashio, na jina na anwani ya aliyefungasha. Gramu 100 ziwe gramu 100 za pilipili, mfuko usihesabiwe humo.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nayo si ya viwanda vikubwa peke yake. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, kisha TBS hukagua sehemu ya kufungashia na kuchukua sampuli. Vikundi vingi huishia njiani kwa sababu jamvi limetandikwa chini, kuku wanapita. Inueni uchanja kwanza, barua ifuate.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi: kabla ya mavuno kusanyeni mizani yenu kijijini, mtuarifu kwa barua kupitia mtendaji wa kata. Afisa wa vipimo akija mara moja anahakiki zote, nanyi mnaokoa nauli ya kuibeba moja moja hadi mjini.