Sanaa ya jamii kwa ajili ya mazingira: maana yake na namna inavyofanya kazi

Mazingira ni neno lililozaliwa na kitenzi kuzingira. Ni vile vitu vilivyotuzunguka pande zote: mtaro unaopita nyuma ya nyumba, mti tunaopumzika chini yake, moshi unaoingia dirishani jioni. Naanza na asili ya neno kwa sababu tukisikia "uharibifu wa mazingira" akili hukimbilia mbali, kwenye barafu inayoyeyuka ncha za dunia au kwenye misitu mikubwa ambayo wengi wetu hatutaikanyaga kamwe. Dhana ninayoieleza hapa inaanzia karibu, kwenye mtaro ule.

Sanaa ya jamii kwa ajili ya mazingira ni kazi ya sanaa ambayo watu wa mahali fulani wanaibuni na kuifanya wenyewe, mara nyingi wakiwa na msanii kati yao, ili kushughulikia jambo la mazingira linalowagusa hapohapo wanapoishi. Inaweza kuwa igizo, wimbo, ramani iliyodariziwa kwenye kitambaa, mchoro ukutani, sanamu ya takataka au bustani. Aina ya sanaa si kitu kikubwa. La msingi ni kwamba wanaoishi na tatizo ndio wanaoitengeneza kazi, na kazi ikimalizika kuna kitu kimebadilika katika namna wanavyoishi na mahali pao.

Hapo ndipo wengi huchanganya. Ukuta uliochorwa na msanii aliyekuja kutoka mbali, ukiwa na samaki, mawimbi na maandishi "Tunza bahari", ni sanaa kuhusu mazingira, na pengine ni nzuri sana. Lakini kama wavuvi wa ufuko ule hawakuulizwa lolote, bali waliamka tu wakaukuta umechorwa, hiyo si sanaa ya jamii. Ni bango. Swali la kwanza ninalouliza nikiona kazi ya namna hii ni jepesi: nani alishika brashi? La pili: nani aliamua kitakachochorwa? Mara nyingi watu huruhusiwa kushika brashi ili kupaka rangi mchoro ambao umekwisha kuamuliwa ofisini, na mimi siuhesabu huo kuwa ushiriki.

Upande wa pili wa dhana ni uendelevu, neno linalotoka kwenye kuendelea. Maana yake iliyoenea zaidi ilitolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland: kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Miaka mitano baadaye, kwenye mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992, nchi zilipitisha mpango ulioitwa Ajenda 21. Sura yake ya 28 ilisema kwamba matatizo mengi yaliyomo humo, pamoja na majawabu yake, yana mizizi katika shughuli za mahali watu wanapoishi. Ikazitaka mamlaka za miji na wilaya zishauriane na wakazi wao na kukubaliana mpango wa mahali pao. Ndipo msemo wa "hatua za ngazi ya jamii" ukapata nguvu katika lugha ya watunga sera.

Sasa, kushauriana na wakazi ni rahisi kuandika na vigumu kutenda. Mkutano unaitishwa, watu wanakaa kwenye mabenchi, wanaozungumza ni walewale wawili watatu waliozoea kuzungumza, na wanawake wanaochota maji ya kisima kinachochafuliwa wanaondoka hawajafungua mdomo. Kwa maoni yangu, hili ndilo pengo ambalo sanaa inaliziba kuliko chombo kingine chochote. Kuwaambia watu kwamba uchafu ni mbaya si kazi yake kubwa, kwa kuwa wanaoishi nao wanalijua hilo kuliko yeyote.

Chukua tamthilia ya majadiliano, iliyobuniwa na Mbrazili Augusto Boal katika miaka ya 1970. Kikundi kinaandaa igizo fupi linaloishia vibaya. Tuseme ni mtaa ambao karakana inamwaga oili chafu mtaroni. Mama anayemwagilia mboga kwa maji ya mtaro huo analalamika, anapuuzwa, mboga zinakufa. Igizo linakwisha. Kisha linarudiwa tangu mwanzo, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!", akapanda jukwaani, akashika nafasi ya yule mama na kujaribu njia nyingine. Waigizaji wengine hawamlegezei. Anayecheza fundi anajibu kama fundi: "Niipeleke wapi? Nani anaichukua?"

Jibu hilo lina thamani kubwa. Mtu wa pili anapanda, anajaribu kutisha kwa sheria. Wa tatu anajaribu kuwakusanya majirani. Wa nne, ambaye pengine ni fundi kweli, anasema wangekuwa na pipa moja la pamoja na mtu wa kulibeba kila wiki, asingemwaga tone. Ghafla mtaa unaona kuwa pamoja na ukaidi wa fundi, kulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyelitaja: hapakuwa na mahali pa kupeleka oili. Watu wamefanya mazoezi ya hatua watakayoichukua kesho, na wamelifanya jambo hilo bila hofu, kwa kuwa jukwaani mtu husema maneno ambayo mezani yangemletea ugomvi. Boal mwenyewe alilipeleka jambo hili mbali: alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, kuanzia 1993 hadi 1996, alitumia maigizo ya namna hii kukusanya mapendekezo ya wakazi, na sheria 13 zilizotokana nayo zilipitishwa.

Njia nyingine, tulivu zaidi, ni ramani. Shirika la Common Ground, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1983, liliwaalika wakazi wa vijiji na mitaa watengeneze ramani za mahali pao wenyewe, kwa uzi, rangi, karatasi au chochote. Swali lilikuwa: hapa kwenu mnathamini nini? Ramani ya serikali huonyesha barabara na mipaka. Ramani ya wakazi huonyesha mti wa zamani, kijia cha watoto, kidimbwi cha vyura. Wakati wa kudarizi watu hukaa pamoja kwa majuma, na mazungumzo ya majuma hayo ni sehemu ya kazi sawa na kitambaa chenyewe. Nadhani mtu akishatia mti kwenye ramani kwa mkono wake, siku mti huo utakapotaka kukatwa hatanyamaza.

Neno sanaa lenyewe, lililotujia kutoka Kiarabu, lina asili ya ufundi na kazi ya mikono. Ndiyo maana mafundi wa jahazi ni wasanii kamili katika habari hii. Lamu, nchini Kenya, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, wakalifunika kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni na mitaani. Waliliita Flipflopi. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao na mataruma, yaani mbavu za chombo, kisha ikachongwa kwa ustadi uleule wa kuchonga mti. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ninachokipenda hapo ni kwamba ujuzi wa mahali ndio ulioibeba hoja. Asiyesoma ripoti yoyote ya taka za baharini aliweza kuligusa lile jahazi na kuona kwamba kile kinachotupwa mara moja kinaweza kuelea miaka.

Ipo pia sanaa ambayo haiachi kitu cha kushika. Kati ya 1979 na 1980, msanii wa Marekani Mierle Laderman Ukeles alizunguka New York akawapa mkono wafanyakazi wa usafi wapatao 8,500, mmoja baada ya mwingine, akimwambia kila mmoja asante kwa kulifanya jiji liendelee kuishi. Usafi wa mji unategemea watu ambao mji hauwatazami usoni, na yeye aliwatazama.

Yapo mambo ya kuchunga. Vifaa vya sanaa navyo huchafua: rangi, gundi, fulana mia za tukio la siku moja, maputo yanayoachiwa angani. Kuna makampuni yanayofadhili ngoma na usafi wa ufuko huku viwanda vyao vikimwaga sumu mtoni. Huko ni kujipaka manukato juu ya uchafu, na kikundi kina haki ya kukataa fedha hizo. Lakini udhaifu ninaoukuta mara nyingi zaidi ni wa muda. Mradi unapewa miezi sita, unapigwa picha, unaandikiwa ripoti, na mwaka unaofuata hakuna anayejua miche ilikwenda wapi.

Kuhusu muda, kazi inayonijia kila mara ni ile ya msanii Mjerumani Joseph Beuys katika mji wa Kassel, Ujerumani. Mwaka 1982 alimwaga lundo la nguzo 7,000 za jiwe la basalti kwenye uwanja mbele ya jumba la makumbusho katikati ya mji. Sharti lilikuwa hili: nguzo haiondoki pale mpaka mti upandwe mahali fulani mjini, kisha nguzo isimikwe kando ya mti huo. Kwa hiyo kila aliyepita uwanjani aliona kwa macho kazi iliyobaki. Wapo waliochukizwa na lundo lile, na njia pekee ya kuliondoa ilikuwa kupanda miti. Wakazi, shule na vikundi walipendekeza mahali pa kupanda. Beuys alifariki Januari 1986 kazi ikiwa haijaisha. Mti wa mwisho ulipandwa na mwanawe mwaka 1987.

Siku ya kupandwa, mche na nguzo vilisimama karibu sawa, na mche ulionekana mnyonge mbele ya jiwe. Leo mpita njia huuona mti kwanza, na inabidi ainame kidogo kulitafuta jiwe lililo kwenye shina.